Je, mawimbi ya ubongo ndiyo yanayobeba kumbukumbu?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili. Mwenzangu tunayekaa naye bwenini amepakua kwenye simu sauti zinazosemwa kuwa ni za mawimbi ya theta, na huzisikiliza usiku kucha akiamini kwamba zitamsaidia kushika anatomia. Mimi mwenyewe hukesha wiki ya mitihani, na baada ya mwezi mmoja sikumbuki kitu. Naomba kujua: ubongo una mawimbi kweli? Kama yapo, ndiyo yanayobeba kumbukumbu? Na kwa nini bibi yangu husahau kama ameshakula, ilhali mambo ya ujana wake huyasimulia mpaka rangi ya kanga aliyovaa?

Jibu: Marahaba. Nitaanza na lile la mawimbi, kwa sababu mengine yote yanalitegemea. Mawimbi yapo, na kujulikana kwake si jambo la jana. Daktari wa Kijerumani, Hans Berger, aliyapima kwenye kichwa cha binadamu mwaka 1924 katika mji wa Jena, akakaa na matokeo yake miaka mitano kabla ya kuyachapisha mwaka 1929, na hata hapo wengi wa wenzake walisita kumwamini. Kinachopimwa si mawazo. Seli ya neva inapopokea ujumbe kutoka kwa nyingine, mkondo mdogo mno wa umeme hupita kwenye utando wake, mdogo kiasi kwamba elektrodi iliyobandikwa juu ya ngozi ya kichwa haiwezi kuugundua. Lakini maelfu kwa maelfu ya seli zilizopangika kuelekea upande mmoja zinapopokea ujumbe kwa pamoja, mikondo yao hujumlishana na kulivuka fuvu. Zikipokea kila moja kwa wakati wake, mikondo hiyo hufutana na mashine haioni umbo lolote la maana. Kwa hiyo wimbi unaloliona kwenye kipimo cha EEG ni dalili kwamba kundi kubwa la seli linafanya kazi kwa mpangilio mmoja wa wakati.

Kumbukumbu yenyewe, hata hivyo, haimo ndani ya wimbi. Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kwenye vyumba vya upasuaji, na wewe kama muuguzi huenda siku moja ukaushuhudia: wapo wagonjwa wa upasuaji mkubwa wa mshipa wa aota ambao mwili hupozwa hadi karibu nyuzi 18 za Selsiasi, moyo husimamishwa, na EEG huwa mstari mnyoofu usio na wimbi hata moja. Wakipashwa joto na kuzinduka, wanawatambua watoto wao na wanakumbuka nyumba zao. Kama kumbukumbu ingekuwa ni mawimbi yanayozunguka ubongoni, ingekuwa imezimika pamoja nayo. Iliyobaki salama wakati wote huo ni mipangilio ya viungo kati ya seli, yaani sinapsi, na ndani ya nguvu na udhaifu wa sinapsi hizo ndimo kumbukumbu ya muda mrefu inamokaa. Kazi ya mawimbi ni nyingine. Maji kujaa na kupwa hakubebi shehena ya jahazi, lakini ndiko kunakoamua jahazi liingie bandarini saa ngapi na lisubiri nje saa ngapi. Vivyo hivyo mdundo wa ubongo huamua ni lini seli hizi zitasikilizana na zile, na ni lini sinapsi zao zitakuwa tayari kubadilishwa.

Sehemu ya ubongo inayoingiza kumbukumbu mpya tuliijua kwa gharama ya mtu mmoja. Mwaka 1953, mjini Hartford nchini Marekani, daktari William Scoville alimfanyia upasuaji Henry Molaison, kijana wa miaka 27 aliyekuwa akiteswa na kifafa kikali, akaondoa tishu za ndani ya ubongo zilizo usawa wa masikio, kushoto na kulia, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi, ambayo ndiyo sehemu hiyo inayoingiza kumbukumbu mpya. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008, Molaison hakuweza kuweka tukio jipya akilini: mazungumzo yakikatika kidogo tu, kwake yalikuwa hayajawahi kufanyika. Mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyeandika habari zake pamoja na Scoville mwaka 1957, alimpa kazi ya kufuatisha umbo la nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Siku ya tatu mkono ulikuwa umeshakuwa mwepesi, ilhali mwenyewe alisema hajawahi kuifanya kazi hiyo. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba ustadi wa mkono una sakiti zake, yaani njia zake za seli zilizounganishwa, na kumbukumbu ya matukio ina zake, na kwamba hipokampasi si ghala la kudumu la kila kitu, kwa maana Molaison aliendelea kuwafahamu wazazi wake na mambo mengi ya utotoni.

Hipokampasi ziko mbili, moja kila upande, na ndani yake taarifa hufuata njia inayojulikana vizuri. Ulichokiona, ulichokisikia na mahali ulipokuwa hukusanyika kwanza kwenye gamba la entorhina lililo jirani. Kutoka hapo huingia kwenye kunjo la denta, hupita eneo liitwalo CA3, hufika CA1, kisha hurudi kwenye gamba la entorhina na kusambaa tena. Vituo hivi havifanyi kazi moja. Kunjo la denta lina seli nyingi sana ambazo kwa kawaida hukaa kimya, na kila tukio huamsha chache tu, hivyo matukio mawili yanayofanana, tuseme mihadhara miwili ya anatomia ndani ya ukumbi uleule, hupewa makundi tofauti ya seli na hayachanganyiki. CA3 imeumbwa kwa namna nyingine kabisa: seli zake zimeungana zenyewe kwa zenyewe kwa wingi, kiasi kwamba sehemu ndogo ya tukio ikiamshwa huivuta sehemu iliyobaki. David Marr alilieleza wazo la namna hiyo kwa hesabu mwaka 1971, kabla vipimo havijaweza kulithibitisha. Kwa hiyo harufu ya fomalini peke yake inaweza kukurudishia meza, mwalimu na mshipa aliokuwa akiuonyesha kwa koleo.

Tuisogelee sinapsi yenyewe. Mwaka 1973 Tim Bliss na Terje Lømo, kwa majaribio waliyoyafanya Oslo kwa sungura, walionyesha kwamba ukiichochea kwa umeme wa kasi, kwa sekunde chache tu, njia inayoingia kwenye kunjo la denta, sinapsi zake hujibu kwa nguvu zaidi kwa saa nyingi baadaye. Baadaye kilifahamika chombo kinachotoa uamuzi, nacho ni kipokezi cha NMDA. Tundu la kipokezi hicho huzibwa na ioni ya magnesiamu, na ili lizibuke lazima mambo mawili yakutane: seli inayotuma iwe imemwaga glutamati, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli, na seli inayopokea iwe tayari imechangamka kiumeme. Yakikutana, kalsiamu huingia na kuanzisha mfululizo wa kazi za kikemikali unaoiimarisha sinapsi. Yasipokutana, tundu hubaki limezibwa. Tena utaratibu una uzito wake. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1997 na 1998 yalionyesha kwamba seli inayotuma ikitangulia kufyatua, yaani kutoa mpigo wake wa umeme, kwa takriban milisekunde 20 au pungufu, sinapsi huimarika. Mpokeaji akitangulia, hudhoofika.

Sasa angalia tatizo linalojitokeza. Maisha hayaendi kwa milisekunde. Unatoka bwenini, unapita kantini, unafika maktaba; kati ya kantini na maktaba kuna dakika mbili nzima, na seli zinazowakilisha kantini zilikwisha nyamaza zamani. Zitaungana vipi na seli za maktaba, ikiwa kanuni ya sinapsi inataka zifyatue karibu kwa pamoja? Hapa ndipo mdundo unapoingia, na kwa maoni yangu hili ni mojawapo ya mambo mazuri kuliko yote tuliyoyajua kuhusu ubongo katika miaka hamsini iliyopita.

Mwaka 1971 John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky, jijini London, waligundua ndani ya hipokampasi ya panya seli zinazofyatua pale tu mnyama anapokuwa mahali fulani: seli moja kwa kona hii, nyingine kwa kona ile. Panya anapotembea, hipokampasi yake yote pia huingia kwenye mdundo wa theta, takriban mawimbi nane kwa sekunde, unaoongozwa na kundi la seli zilizo kwenye septamu, katikati ya ubongo. Kwa muda mrefu mambo haya mawili yalichunguzwa kila moja kivyake. Mwaka 1993 O'Keefe na Michael Recce waliyaunganisha. Waliona kwamba panya anapoingia kwenye eneo la seli fulani, seli hiyo hufyatua mwishoni mwa wimbi la theta. Kadiri anavyosonga mbele, hufyatua mapema zaidi ndani ya kila wimbi, mpaka anapotoka eneo hilo inafyatua mwanzoni. Fikiria sasa seli tatu za maeneo matatu yanayofuatana njiani. Ndani ya wimbi moja la theta, lenye urefu wa milisekunde 125 hivi, ile ya eneo analoliacha hufyatua kwanza, ya eneo alipo hufuata, na ya eneo analoliendea huja mwisho. Safari iliyochukua sekunde kadhaa kwa miguu imekunjwa ndani ya wimbi moja, kwa utaratibu wake uleule, na umbali wa wakati kati ya seli na seli sasa ni makumi machache ya milisekunde. Kiasi hicho kipokezi cha NMDA kinakimudu.

Theta hufanya na jambo la pili. Wimbi lina kilele na bonde, na hali ya sinapsi si moja katika sehemu hizo mbili. Patricio Huerta na John Lisman, katika jaribio la mwaka 1995 kwa vipande vya hipokampasi ya panya, walionyesha kwamba mchocheo uleule mfupi ukifika kwenye kilele cha wimbi huiimarisha sinapsi, na ukifika kwenye bonde huidhoofisha. Watafiti wengi huliona jambo hilo kama namna ya kugawana zamu: nusu moja ya wimbi hupendelea kuandika taarifa inayoingia kutoka nje, nusu nyingine hupendelea kusoma iliyokwisha kuandikwa, ili yanayotokea leo yasichanganyikane na yanayokumbukwa ya jana. Juu ya mawimbi ya theta hupanda pia mawimbi ya kasi zaidi ya gama, kati ya 30 na 100 kwa sekunde, yanayogawanya kila wimbi la theta katika vijisehemu. Sitakaa sana hapo.

Utauliza, sawa, lakini mdundo huo unafanya kazi kweli au unaandamana tu na kazi inayofanywa na kitu kingine? Ni swali la haki, na mara nyingi halijibiwi na wanaouza vifaa vya kuongeza akili. Njia ya kulijibu ni kuuondoa mdundo na kutazama kinachopotea. Jonathan Winson alifanya hivyo mwaka 1978: aliharibu septamu ya panya, theta ikatoweka, na panya waliokuwa wamekwisha jifunza kutafuta mahali kwa kukumbuka wakawa hawapajui tena. Septamu ina kazi nyingine pia, hivyo ushahidi huo peke yake hautoshi, lakini majaribio mengi yaliyofuata yameelekea upande huohuo. Kwa binadamu tuna kitu cha karibu zaidi. Wagonjwa wa kifafa wanaowekewa elektrodi ndani ya ubongo kwa ajili ya matibabu wakati mwingine hukubali kushiriki utafiti wakiwa wodini. Ueli Rutishauser na wenzake waliripoti mwaka 2010 kwamba picha zilizokumbukwa baadaye ni zile ambazo, wakati mgonjwa anazitazama, seli zake zilifyatua kwa kushikamana barabara na mdundo wa theta. Seli zilipofyatua bila kuujali mdundo, picha ilisahaulika. Idadi ya mifyatuo haikuwa ndiyo tofauti. Tofauti ilikuwa kwenye wakati wake.

Hadi hapa tumezungumzia kuandika. Kumbukumbu iliyoandikwa mchana bado ni changa, na kazi ya kuikomaza hufanyika zaidi unapokuwa umelala. Mwaka 1924, mwaka uleule ambao Berger alipima wimbi lake la kwanza, John Jenkins na Karl Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba silabi zisizo na maana zilizokaririwa kabla ya kulala husahaulika polepole kuliko zilizokaririwa kabla ya saa zilezile za kukaa macho. Kwa miongo mingi watu walidhani usingizi unasaidia kwa kuwa tu hakuna jambo jipya linaloingia kuvuruga. Leo tunajua kwamba ubongo uliolala una shughuli.

Panya akitulia au akiingia usingizi mzito, theta hukoma kwenye hipokampasi yake. Badala yake, kwa vipindi visivyo na mpango maalumu, CA3 hutoa mlipuko mfupi wa pamoja, na CA1 hujibu kwa viwimbi vya kasi kubwa, kati ya 150 na 200 kwa sekunde, ambavyo havidumu zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde hivi. György Buzsáki alipendekeza mwaka 1989 kwamba viwimbi hivi ndivyo vinavyohamisha na kukomaza kilichoandikwa mchana. Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton walionyesha kwamba seli za mahali zilizofyatua pamoja wakati panya anakimbia ndizo zilizofyatua pamoja tena alipolala baadaye. Kazi zilizofuata zilionyesha kwamba ndani ya viwimbi njia nzima hurudiwa kwa utaratibu wake, imekazwa mara kadhaa kwa kasi kuliko mwendo wa miguu. Mnyama amejikunja pembeni ya kizimba, macho yamefumbwa, na hipokampasi yake inapita upya vichochoro vya asubuhi.

Jaribio lililonishawishi mimi ni la Gabrielle Girardeau na wenzake, la mwaka 2009. Panya walifundishwa kutafuta chakula kwenye fumbo lenye njia nane ambapo njia tatu tu ndizo zenye chakula. Kila baada ya mafunzo waliachwa wapumzike kwa saa moja, na kompyuta iliyokuwa ikisikiliza hipokampasi zao ilituma mchocheo mdogo wa umeme mara kiwimbi kilipoanza, kikakatika. Kundi jingine lilipata michocheo ya idadi ileile, ila iliyocheleweshwa ikaangukia nje ya viwimbi. Usingizi wa makundi yote mawili haukuharibika. Kilichotofautiana ni viwimbi pekee. Waliokatiwa viwimbi walijifunza kwa shida kuliko wenzao. Miaka kumi baadaye, mwaka 2019, maabara ya Buzsáki ilifanya kinyume chake: ilivirefusha viwimbi kwa kutumia mwanga, na kumbukumbu ya panya ikaboreka. Kitu kikiondolewa kumbukumbu ikapungua, na kikirefushwa ikaongezeka, mtafiti ana haki ya kuanza kukiita chanzo.

Viwimbi peke yake havitoshi, kwa sababu gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, nalo lazima liwe tayari kupokea. Katika usingizi mzito gamba zima huchangamka na kunyamaza kwa mawimbi mapana ya polepole, chini ya moja kwa sekunde. Sehemu ya kuchangamka inapofika, thalamasi, kituo kilicho ndani kabisa ya ubongo, hutoa mafungu mafupi ya mawimbi 11 hadi 16 kwa sekunde, yaitwayo spindeli, na viwimbi vya hipokampasi hupangika ndani ya mabonde ya spindeli hizo. Bernhard Staresina na wenzake walilionyesha jambo hilo mwaka 2015 ndani ya hipokampasi ya binadamu. Mdundo mpana hubeba wa kati, wa kati hubeba mwembamba, na kila kumbukumbu inayorudiwa hufika kwenye gamba wakati sinapsi za huko ziko tayari kubadilika. Usiku baada ya usiku, gamba hujenga viungo vyake lenyewe.

Sasa kuhusu kukesha kwako. Ukikesha unajiumiza mara mbili. Usiku wa baada ya kusoma unakosa mawimbi hayo, na usingizi mzito wa saa za mwanzo wa usiku, ambao ndio wenye mawimbi mapana kwa wingi, haulipwi wote kwa kulala mchana baada ya mtihani. Kisha kesho yake hipokampasi inafika darasani ikiwa imechoka: Seung-Schik Yoo, Matthew Walker na wenzao waliripoti mwaka 2007 kwamba watu waliokosa usingizi usiku mmoja walitazama picha mpya huku hipokampasi zao zikifanya kazi kwa kiwango cha chini, na siku mbili baadaye, hata baada ya kulala, walizikumbuka chache kuliko wenzao. Mtihani wa asubuhi unaweza kuufaulu, kwa kuwa kilichosomwa saa chache zilizopita bado kipo. Malalamiko yako ni kwamba baada ya mwezi hakuna kitu, na hilo ndilo hasa tungelitarajia.

Bibi yako naye anaingia kwenye maelezo haya. Mambo ya ujana wake yamerudiwa na kusimuliwa kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya viungo vyake sasa iko kwenye gamba la ubongo lenyewe. Kama ameshakula au la ni jambo la leo, na jambo la leo lazima lipite kwenye gamba la entorhina na hipokampasi. Hata bila ugonjwa, uzee hufanya spindeli zisiendane sawasawa na mawimbi mapana, jambo ambalo Randolph Helfrich na wenzake walilihusisha na usahaulifu wa wazee mwaka 2018. Lakini katika ugonjwa wa Alzheimer, gamba la entorhina ni miongoni mwa sehemu za kwanza kabisa kuharibika, kama Heiko na Eva Braak walivyoonyesha mwaka 1991, na dalili ya kusahau kama umeshakula nisingependa kuiita uzee tu. Mpelekeni hospitali. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, sonona, maambukizi na baadhi ya dawa huweza kuleta usahaulifu wa namna hiyohiyo, na hayo yana tiba.

Nimeliacha mwisho suala la sauti za mwenzako kwa makusudi, kwa kuwa sasa unaweza kulipima mwenyewe. Sauti nyingi za aina hiyo huingiza toni moja sikio la kulia na nyingine yenye tofauti ndogo sikio la kushoto, ili ubongo usikie mpigo wa tofauti hiyo. Mpigo huo husikika kweli. Ulijulikana tangu karne ya 19. Matokeo ya tafiti juu ya faida yake kwa kumbukumbu yamekuwa yakipingana, na hata yangekubaliana lingebaki swali la mahali na wakati: theta inayohusika na kuandika ni ile inayoongoza seli za hipokampasi mtu akiwa macho anajifunza, ilhali mwenzako anaisikiliza akiwa amelala, wakati ambao usingizi mzito unahitaji mawimbi yaliyo polepole zaidi ya hayo.

Lakini nisizifunge njia zote za sauti. Hong-Viet Ngo, Jan Born na wenzao nchini Ujerumani walifanya jambo la busara mwaka 2013. Mashine ilisoma EEG ya mtu aliyelala, ikasubiri wimbi lake mwenyewe la usingizi mzito lifike sehemu ya kuchangamka, ndipo ikatoa mlio mfupi hafifu. Mawimbi yaliongezeka ukubwa, na asubuhi walikumbuka jozi nyingi zaidi za maneno. Milio hiyohiyo ilipotolewa bila kufuata wimbi haikusaidia kitu. Washiriki walikuwa wachache, na majaribio ya namna hii yaliyofuata hayakutoa yote jibu moja, hivyo nisingemshauri mtu anunue kifaa kwa ajili hiyo leo. Hali ni hiyohiyo kwa taa zinazomweka mara 40 kwa sekunde: ziliporipotiwa mwaka 2016 kupunguza kwenye ubongo wa panya protini ya amiloidi, ile inayorundikana katika ugonjwa wa Alzheimer, zilileta matumaini makubwa, kisha mwaka 2023 maabara nyingine ikachapisha kwamba haikuyaona matokeo hayo. Uchunguzi kwa binadamu bado unaendelea. Kwa mwenzako, sauti inayopigwa mfululizo usiku kucha bila kujua ubongo uko wapi kwenye wimbi lake ina uwezekano mkubwa wa kumkatia usingizi kuliko kumwongezea kumbukumbu.

Kwa wiki yako ya mitihani, gawa mada uzipitie kwa siku kadhaa badala ya usiku mmoja. Kila unapomaliza mada, funga daftari na ujaribu kuitoa kichwani kwa kuandika au kumweleza mwenzako, kwani mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima hivyo walikumbuka zaidi baada ya wiki kuliko waliosoma tena na tena, ingawa baada ya dakika tano waliosoma tena ndio walioonekana bora. Mishipa na neva unazozichanganya zisome jioni, kisha ulale saa zako zote, na asubuhi jipime tena kabla hujalifungua daftari.